Hasi Nne

Usiku wa tatu naifuta ile hasi.
Karatasi imetoboka palepale, tundu dogo
ninamoona mbao za meza.

Swali lenyewe fupi, kama tusi:
boriti ya mita nane, egemeo mwanzoni,
egemeo la pili kwenye mita ya sita,
na mwisho kabisa, kwenye ncha inayoning'inia hewani,
mzigo wa kilonyutoni kumi na mbili.
Tafuta kani katika kila egemeo.
La pili napata kumi na sita. Vizuri.
La kwanza napata hasi nne.
Nafuta.

Zenica, Januari. Moshi wa kiwanda cha chuma
umeulalia mto, haupandi wala haushuki.
Mehdin, ninayekaa naye bwenini, ananisukumia daftari lake:
"Nakili, ulale."
Nafungua ukurasa. Naye kautoboa.

Basi nikaenda kwa Bi Razija,
mtunza makoti wa jumba la maigizo.
Miaka kumi na tisa alichora kreni za kiwandani
kabla kiwanda hakijawamwaga watu wake nje ya lango.
Sasa anagawa vibao vya shaba vyenye namba,
na sisi wa uhandisi tunajua
kwamba pazia likishafunguliwa
ana saa moja na robo.

Daftari hakulitazama.
"Mzigo unakwenda wapi?"
Nikamtajia kanuni.
"Sikuuliza kanuni."
Nikanyamaza. Nyuma ya ukuta watu wakaangua kicheko.
"Hapo mganga wa meno kang'oa jino zima," akasema.
"Bado dakika hamsini."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huyu aliuchukua wangu, akautafutia kilo zake:
akalivuta katikati ya chumba bomba la makoti,
bomba refu juu ya miguu miwili,
na mkia uliochomoza nje ya mguu wa pili
tangu fundi fulani alipokosea kipimo.
Akaondoa makoti yote. Bomba tupu, limetulia.
Kisha akaanza kutundika mkiani:
koti la manyoya la mke wa daktari,
koti la daktari mwenyewe, zito kwa theluji iliyoyeyuka,
la jaji, la mama wa jaji,
moja baada ya jingine, palepale nchani,
bila haraka, kama mtu anayeongeza chumvi.

Kwenye koti la tano
mguu wa kwanza ukanyanyuka.
Kidogo tu, unene wa kidole. Niliona sakafu chini yake,
duara safi ambapo vumbi halijawahi kufika.

"Linaanguka!" nikasema.
"Basi lizuie."

Sikufikiri. Nikaukanyaga ule mguu,
nikausukuma chini kwa uzito wangu wote mdogo wa bwenini,
na bomba likalala sawa.

"Unasukuma kuelekea wapi?"
"Chini."
"Na kwenye daftari, juu umeiita nini?"
"Chanya."

Hakusema zaidi. Alivuta kiti, akafungua chupa ya chai,
akanimenyea lozi mbili, moja akaila yeye.
Nami nilisimama pale na hasi nne
chini ya soli ya kiatu changu cha kushoto,
nikiisikia inavyonisukuma, hai, yenye haki yake.
Siku tatu nilikuwa namfukuza mtu
aliyekuja kushika boriti isipinduke.

Nilitaka kumwuliza nimlipe nini.
Lakini milango ilifunguka, igizo limekwisha mapema
(mganga wa meno aliugua koo, tulisikia baadaye),
na umati ukamiminika na vibao vyake vya shaba,
wote pamoja, wote wana baridi,
mke wa daktari mbele, mkono umenyooshwa.

Nikageuka nikimbilie daftari langu
niandike kabla sijasahau.

"Weee!" Bi Razija akapiga kelele juu ya vichwa vyote.
"Usiondoe mguu!"